Oili inaisha, moshi hakuna, na mpwa wangu anaitwa mwizi

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni mjane wa miaka 46, nakaa Soni, kwenye milima ya Lushoto. Marehemu mume wangu aliniachia Hilux pikapu ya mwaka 1998, injini ya 3L, dizeli isiyo na tabochaja. Ndiyo inayonilisha. Kila wiki inapakia kabichi, karoti na hoho, inashuka Mombo, inaenda Dar es Salaam, kisha inarudi na bidhaa za dukani. Kwenda na kurudi ni karibu kilometa 700. Dereva ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 24 aliyejifunza kuendesha kwenye gari hiyo hiyo, marehemu akiwa kakaa pembeni yake.

Tatizo ni oili. Tangu mwishoni mwa mwaka jana, kila akirudi ananiomba hela ya lita moja na nusu ya kuongezea, na safari mbili zilizopita zilikuwa lita mbili kasoro. Zamani oili tulikuwa tunaisahau mpaka siku ya sevisi. Sasa shemeji yangu amesema mbele ya wazee kwamba kijana anainyonya na kuiuza njiani. Maneno yake ni haya: "Injini haiwezi kunywa oili kama mlevi halafu isitoe moshi." Yameniuma, lakini nakiri yaliniingia. Siku moja nikakodi bodaboda nikamfuata kimyakimya kutoka Soni mpaka Mombo. Hakusimama popote. Na moshi sikuuona, zaidi ya ule mweusi kidogo akibadilisha gia. Asubuhi akiwasha unatoka wa bluu, mwepesi, unaisha kabla hajamaliza kufunga turubai.

Fundi wa kwanza alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, akakigeuza juu chini na kukiacha juu ya tundu. Kikawa kinacheza cheza na pumzi inatoka. Akasema papo hapo: ringi zimekwisha, tushushe injini, milioni mbili na laki nane. Wa pili akasema ni sili za valvu. Shemeji anasema niweke oili nzito, namba 50, yataisha. Tumboni mwa gari kuna oili oili iliyoshikana na vumbi, ila mafundi wote wawili waliniambia gari kuukuu zote ziko hivyo. Ikilala uani haiachi hata tone.

Hela ya kushusha injini naweza kuipata nikiuza ng'ombe. Lakini gari hii imeshanimaliza. Altaneta, ile ya kuchaji betri, imefanyiwa kazi mara tatu, kila mara fundi umeme anasema kaboni zimekufa. Mara ya kwanza, mwezi Novemba, alibadilisha pia mpira mmoja wa nyuma yake uliokuwa umepasuka. Mara ya mwisho nikanunua altaneta nyingine kabisa, ya mtumba, nayo imeanza kuwasha taa ya chaji. Juu ya hapo kijana analalamika breki imekuwa ngumu akishuka Mombo. Tumebadilisha pedi, bado. Hayo ni mengine.

Naomba uniambie ukweli: nishushe injini, au nibadilishe dereva?

Mama Kabichi, Soni

*

Marahaba mama, na pole na majukumu.

Usiuze ng'ombe. Usimwondoe kijana. Na gari isishuke Mombo na mzigo mpaka umalize kusoma hapa, hata kama kabichi zimeshakatwa. Umetaja altaneta na breki ngumu ukamalizia "hayo ni mengine". Mimi nilipofika hapo nilirudi juu nikaisoma barua upya, kwa sababu kwenye injini ya 3L altaneta, breki na oili vinakutana kwenye kidude kimoja kinachotosha kiganjani.

Kwanza hesabu. Lita moja na nusu kwa kilometa 700 ni zaidi ya lita 2 kwa kila kilometa 1,000. Toyota kwenye vitabu vya magari yake huandika lita 1 kwa kilometa 1,000 kuwa ndio mwisho wa kuvumilia, na gari inayofika hapo kwa kuiunguza oili huwa inajulikana mtaa mzima. Inayounguza mara mbili ya hapo, wewe uliyekuwa nyuma kwenye bodaboda ungefika Mombo macho mekundu na khanga inanuka. Shemeji yako kwa hiyo kasema nusu ya kweli: injini hainywi kiasi hicho bila moshi. Alipopotea ni pale alipodhani kwamba oili isiyoungua lazima imeuzwa. Inaweza kuwa imemwagika.

Nitakukosoa jambo moja tu kuhusu upelelezi wako. Kumfuata gari akishuka si mahali pazuri pa kuhukumu ringi, zile pete za pistoni zinazobana ndani ya silinda, kwa sababu injini haivuti, inasukumwa na mteremko. Ungemngoja Mombo siku anarudi na mzigo, ukamfuata akipanda. Ringi zilizochoka husema ukweli kwenye kona za kupanda, gia ya pili, mguu umekanyaga mpaka chini. Fanya hivyo siku moja, ila baada ya haya mengine.

Sasa, imemwagika wapi, na uani hakuna tone?

Injini ya petroli hunyonya hewa kwa nguvu kupitia njia yake ya kuingizia hewa, na mnyonyo huo ndio unaosaidia mguu wa dereva kwenye breki. Injini ya dizeli kama yako haina mnyonyo wa kutosha pale. Kwa hiyo inapewa pampu yake ndogo ya vakyumu ya kuinyonyea hewa busta ya breki, lile sufuria jeusi lililo mbele ya pedeli. Kwenye 3L, na kwenye ndugu zake 2L na 5L, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa altaneta, kwenye shafti ile ile. Altaneta ikizunguka, pampu inazunguka. Na kwa kuwa ni chuma juu ya chuma inahitaji kulainishwa, basi inaletewa oili kutoka kwenye injini kwa mpira mwembamba, na oili hiyo inarudi kwenye injini kwa mpira mnene zaidi. Upo na mpira wa tatu, unaokwenda kwenye busta.

Kati ya pampu na altaneta kuna sili ndogo. Siku ikichoka, au ikisukumwa na presha isiyostahili, oili inaingia ndani ya altaneta. Feni ya altaneta inaipokea na kuipeperusha nje kama mtu anayepepeta mpunga. Inakwenda kwenye chesi, kwenye gia boksi, mpaka kwenye bodi ya nyuma, vumbi linaidaka, na kila fundi anayechungulia anakwambia gari kuukuu zote ziko hivyo. Injini ikizimwa, presha ya oili inakatika na kuvuja kunakatika. Ndiyo maana uani kwako ni pakavu. Gari inavuja barabarani tu, kilometa 700, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Na kaboni za altaneta zikiogeshwa oili hazidumu. Zinashika uchafu, zinateleza kwenye shaba bila kugusa vizuri, taa ya chaji inawaka. Fundi umeme anafungua, anaweka kaboni mpya, anafunga, anachukua hela. Simlaumu sana, kazi yake ni umeme. Lakini mara ya tatu mtu anatakiwa kujiuliza hii oili humu ndani imetoka wapi.

Breki nayo sasa inaeleweka. Pampu iliyochoka hainyonyi vizuri, busta inakosa nguvu, dereva anabaki na msuli wa mguu wake peke yake. Pedi mpya haziwezi kuponya hilo. Breki haijakatika, ila kuisimamisha gari yenye tani moja ya kabichi kwenye kona za Soni kwa mguu mtupu ni kazi ya watu wawili. Soni iko juu milimani, Mombo iko kwenye mita 400 hivi juu ya bahari. Kimo chote hicho kijana wako anakishuka akikanyaga jiwe.

Kwa hiyo anza na breki, leo, gari ikiwa tambarare na matairi yamewekewa mawe. Injini ikiwa imezimwa, kijana akanyage pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Kisha aendelee kuikanyaga, mguu usitoke, na awashe injini. Pedeli inatakiwa kuzama kidogo chini ya mguu injini inaposhika. Isipozama hata kidogo, busta haipati vakyumu. Halafu aiache ingurume dakika mbili, azime, akanyage tena: mara mbili tatu za kwanza zinatakiwa kuwa laini. Zikiwa ngumu tangu ya kwanza, jibu ni lile lile. Gari iliyoshindwa hapo haiendi popote na mzigo.

Kisha tochi. Injini ikiwa ya baridi, mulika matundu ya altaneta. Nyaya za shaba za ndani zinatakiwa ziwe kavu, rangi ya kahawia, na vumbi. Ukiona zinang'aa nyeusi kama sufuria la kukaangia samaki, umeshapata nusu ya jibu. Pitisha kidole pale pampu inapoungana na mgongo wa altaneta. Vuta na ule mpira unaokwenda kwenye busta, uchungulie ndani. Unyevu kidogo usikutishe. Ikichuruzika oili, basi na valvu yake ya kuzuia kurudi haifanyi kazi, na busta yenyewe inaweza kuwa imeanza kunywa.

Jaribio la mwisho ni la boksi. Osha injini na tumbo la gari kwa sabuni ya unga na brashi, altaneta ukiwa umeivalisha mfuko wa plastiki, na usitumie petroli hata mtu akikuapia kwamba ndiyo inayokata grisi. Ikikauka, tandika boksi kubwa jeupe chini ya injini, lile la friji ukilipata dukani ni zuri. Vua mfuko. Washa injini iache ingurume dakika 20, kijana akipandisha moto kidogo mara kwa mara kama anayesubiri abiria. Kaa kwenye kigoda ungoje. Sehemu unazozishuku zipake poda ya mtoto kabla. Oili ikipita juu ya poda inachora mstari mweusi ambao hata asiye fundi anausoma. Weka alama kwenye boksi tairi za mbele ziko wapi, ili baadaye ujue tone lilianguka kutoka juu ya nini.

Sasa nije kwenye ule mpira wa Novemba, kwa sababu hapo ndipo shaka yangu kubwa ilipo. Unasema oili ilianza kupotea mwishoni mwa mwaka jana. Unasema Novemba fundi umeme alibadilisha mpira uliopasuka nyuma ya altaneta. Muulize alikata mpira gani. Karibu kila gereji ndogo ina kipande cha mpira wa rejeta kwenye kona, na kipenyo kinaweza kulingana kabisa na ule wa kurudisha oili. Lakini mpira wa maji haupatani na oili ya moto. Unavimba, unalainika kama mkate uliolowa chai, na unavimbia kwa ndani. Kwa nje unaonekana mzima, pengine umenenepa tu. Ndani tundu limebaki la kupitisha penseli. Oili inaingia kwenye pampu kwa presha, njia ya kutokea imeziba nusu, basi inajitafutia njia, na njia iliyo dhaifu ni ile sili. Ndiyo maana hata altaneta ya mtumba uliyonunua haikupona. Ulibadilisha mgonjwa ukaacha ugonjwa. Uminye mpira huo kwa vidole: ukibonyea ovyo, au ukikuta umekunjika kwenye kona, unatoka hata kabla ya kumaliza majaribio mengine.

Kuhusu kifuniko kilichocheza. Jaribio hilo nalifahamu, na halina ubaya likitumiwa na mtu mwenye subira. Hewa ikivuja kupita ringi inaingia chini kwenye sampu, bakuli la oili la injini, na kutafuta pa kutokea, basi kifuniko kinacheza. Lakini injini za dizeli zote hupumua hapo kiasi fulani, hata nzima. Na kwenye gari yako kuna jambo fundi hakulifikiria: hewa yote inayonyonywa na pampu ya vakyumu haitupwi nje, inarudishwa ndani ya injini pamoja na oili kwa mpira ule mnene. Kama busta au mpira wake umepasuka mahali, pampu inanyonya hewa bila kikomo na kuimimina kwenye sampu, na kifuniko kitacheza hata ringi zikiwa mpya. Kujua tofauti ni rahisi. Injini ikinguruma, gari imesimama, chomoa mpira wa busta kwenye pampu na uzibe mdomo wa pampu kwa kizibo. Kifuniko kikitulia, umepata kinachokipulizia. Kisipobadilika, ndipo turudi kwenye ringi.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Nikiwa kijana, kwenye gereji moja mjini Tanga, nilishusha injini ya 2L ya mteja kwa dalili kama hizi. Nikabadilisha ringi na sili zote, nikaikabidhi nikiwa na fahari. Baada ya wiki tatu akarudi, oili inapungua vile vile. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakusema neno. Alichukua tochi, akamulika altaneta, akanipa tochi nami nimulike. Yule mteja alikuwa mvuvi, aliuza injini ya mtumbwi kulipia kazi ile. Siku hizi sifungui injini ya mtu kabla ya kupima.

Ikiwa altaneta ni kavu, boksi ni safi na pedeli inazama vizuri, basi nimekosea na tuendelee kutafuta. Sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini, ikivuja utaona tone kwenye kiungo cha injini na gia boksi, na klachi inaweza kuanza kuteleza. Sili ya mbele itakuwa imelowesha belti ya taimingi, hilo halisubiri, maana belti ikiruka meno valvu zinagongana na pistoni. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, huchuruzika ubavuni na ni kazi ya asubuhi moja. Fungua rejeta ikiwa ya baridi uangalie kama kuna utando wa oili juu ya maji. Halafu mpira wa kupumulia injini, unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa: ukiziba masizi, presha inabaki ndani na kusukuma oili kwenye kila sili iliyopo, na fundi atabadilisha sili mpaka achoke.

Ukifika kwenye ringi, basi zipimwe. Geji ya kompresheni, ya kupimia presha ndani ya silinda, iwe ya dizeli. Ya petroli inaweza kupasuka. Inafungwa kwenye tundu la plagi za kupasha moto, moja moja, injini ikiwa ya moto. Injini yako ikiwa nzima inatoa karibu psi 450 kila silinda. 285 hivi ndio mwisho wake, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 70. Asikuambie mtu amwage oili ndani ya silinda apime tena kama wanavyofanya kwenye petroli. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili haikandamiziki. Unaweza kupinda fimbo ya pistoni kwa starta tu. Na jua kwamba kompresheni nzuri haiitakasi injini moja kwa moja: ringi ya oili, ile ya chini, inaweza kuganda kwa masizi huku zile za juu zinabana vizuri. Hapo ndipo moshi wa kupanda mlima unapohitajika kama shahidi.

Ule wa bluu wa asubuhi ni sili za valvu, fundi wa pili hakukosea. Oili inadondoka usiku kwenye shina la valvu, asubuhi inaungua. Lakini hizo ni kijiko, na wewe unatafuta chupa. Zitabadilishwa siku silinda hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine.

Ila kuna kitu kimoja kinachoua ringi za magari ya kwetu kuliko umri, na nitakuomba ukiangalie hata kama pampu ndiyo yenye kosa. Fungua eya klina. Chukua kitambaa cheupe, pitisha ndani ya bomba la hewa baada ya filta, upande wa injini. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu la milimani, injini inakula mchanga, na mchanga huo unasaga silinda kama msasa. Tazama mpira wa bomba hilo kwenye mikunjo yake, mara nyingi hupasuka chini ambako hakuonekani. Na filta ya karatasi ikipulizwa na kompresa mara nyingi hutoboka matundu ambayo utayaona tu ukiishika mbele ya jua.

Oili namba 50 hapana. Ikiwa inavujia kwenye sili ya pampu, nzito itavuja taratibu kidogo, na asubuhi ya baridi ya Soni itachelewa kufika juu kwenye kemu, shafti inayofungua valvu, injini ikishaanza kuzunguka. Endelea na 15W-40 ya dizeli, ununue kwa mtu unayemjua, chupa ambayo mfuniko wake haujachezewa. Na mwambie kijana asijaze kupita alama ya juu ya kijiti eti akiba ya njiani. Oili ikizidi, kranki inaichapa, inakuwa povu, inapanda kwenye mpira wa kupumulia na kuingia kwenye njia ya hewa. Ikiingia nyingi, dizeli inaweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe, injini inapanda kelele na ufunguo haufanyi kitu. Yakitokea, aweke gia ya juu kabisa, akanyage breki kwa nguvu zote na kuachia klachi mpaka izimike, au azibe mdomo wa eya klina kwa ubao. Mkono usiwekwe pale.

Fundi atakayekutengenezea mwambie hivi: mpira wa kurudisha oili uwe mpira wa oili, si wa maji. Sili ya pampu mpya, au pampu nzima kama pedeli ilishindwa lile jaribio. Altaneta ifunguliwe ioshwe, kaboni mpya zije mwisho. Akishafunga, alirudie jaribio la pedeli mbele yako kabla hujamlipa.

Halafu upime, wewe na kijana pamoja. Gari ikae tambarare, injini imezimwa dakika kumi, oili ijazwe mpaka alama ya juu kabisa. Andikeni kilometa kwenye daftari, na yeye atie sahihi na wewe utie. Akirudi, pale pale uani, dakika kumi, mpime mbele ya mashahidi ukitaka, na muongeze kwa chupa yenye alama za mililita mpaka irudi juu. Nusu lita kwa safari ile, kwenye injini ya umri huu, iache. Ikiendelea kupungua kama zamani na altaneta ni kavu, niandikie tena, ukitaja namba za kompresheni na rangi ya moshi akipanda.

Na lile boksi usilitupe, hata likinuka. Shemeji yako akija kunywa chai, litandike mezani kabla ya vikombe.